Mwendo wa Mtu Anayeweza Kuimba

Aghalabu watu humhukumu mkimbiaji wa masafa marefu kwa saa yake ya mwisho, wakati ambapo uso umekunjamana, shati limegandamana na mgongo kwa jasho, na kila hatua yaonekana kupatikana kwa maumivu; nao humsifu kwa moyo mkuu alioudhihirisha mbele ya macho yao, wakadhani kuwa ustahimilivu ni tunu iliyomshukia siku ile ile ya mashindano. Mimi nimeshika rai nyingine tangu nilipoanza mazoezi haya katika mji wa Tanga, nikiwa mwalimu anayekaribia umri wa miaka 50, na rai hiyo imezidi kunikaa moyoni kadiri miaka ilivyopita: ustahimilivu hujengwa kwa upole, asubuhi ambazo hakuna mtazamaji, kwa mwendo ambao mpita njia mwenye haraka zake angeweza kuudharau, na mtu asiyekuwa radhi kuudumu mwendo huo kwa miezi mingi hawezi kuupata uwezo huo kwa ushujaa wa siku moja.

Aliyenifundisha elimu hii hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa jirani yangu, askari mstaafu ambaye ujanani mwake aliwakimbiza makuruta kwa miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita Afande kwa taadhima ile ile aliyoizoea kambini. Tabibu alikuwa ameniambia kuwa shinikizo la damu yangu limeanza kupanda, na kwamba barabara itanifaa kuliko kiti cha ofisi ya walimu. Basi nikamwendea Afande baada ya sala ya alfajiri kumwomba anifundishe kukimbia. Hakuniuliza habari za viatu, wala za saa, wala ni kilometa ngapi nilizotaka kwenda. Tulitoka taratibu kuelekea Raskazone, bahari ikiwa mkono wetu wa kushoto, na kabla jua halijachomoza akaniamuru kuimba.

“Niimbe nini, Afande?” nikamwuliza.

“Lolote, mwalimu. Nyimbo za mchakamchaka wazijua, uliziimba ulipokuwa mtoto wa shule. Ukiweza kuimba, tunaendelea. Ukishindwa, tunapunguza mwendo mpaka sauti irudi.”

“Na tukipunguza hata tukawa tunatembea?”

“Basi tutatembea. Barabara haina ugomvi na mtu anayetembea.”

Kila Mtanzania aliyepita shule ya msingi au Jeshi la Kujenga Taifa aujua mchakamchaka: kundi la watu likikimbia kwa hatua moja, mmoja akitoa wimbo na wengine wakiitikia, vumbi likipanda na mori ukipanda pamoja nalo. Tulipokuwa watoto tulidhani kuwa wimbo uliwekwa pale ili kutusahaulisha uchovu, au kulitia kundi umoja, na kweli manufaa hayo yamo. Lakini Afande aliniambia jambo ambalo sikupata kulisikia kwa mwalimu yeyote wa michezo, kwamba wimbo hupima pumzi. Kwa maana mtu hawezi kuitikia mstari mzima ikiwa mapafu yake yanadai hewa nyingi kuliko inayoingia, na kundi lililonyamaza ni kundi lililokimbizwa kupita kiasi, hata kama kiongozi wake hajatambua. Yeye, alisema, aliwasikiliza makuruta wake kuliko alivyowatazama. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, na naona fahari kwamba shule zetu maskini, zisizokuwa na saa wala vyombo vya kupimia mapigo ya moyo, zilikuwa na kipimo hiki cha haki vinywani mwa watoto wenyewe.

Baadaye nilitafuta katika vitabu vya elimu ya mwili sababu ya nasaha hiyo, nikaikuta imeelezwa waziwazi. Mtu akikimbia kwa mwendo unaomruhusu kusema, misuli yake hupata oksijeni yote inayoihitaji, nayo huchoma mafuta ya mwilini pamoja na sukari, bila ya kuelemewa. Mwili unaoitwa kazini namna hiyo, siku baada ya siku, hujibu kwa kujitengeneza upya: mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele huongezeka kuizunguka misuli, mitokondria, yaani zile sehemu ndogo sana ndani ya chembe hai ambamo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu, huzidi wingi na ukubwa, na moyo hupanuka ukaweza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, hata mapigo yake yakapungua mtu anapokuwa ameketi. Tabibu aliponipima tena baada ya masika kupita, aliurudia mkono wangu kuuhesabu, kwa kuwa mapigo yalikuwa yametulia kuliko alivyotazamia. Sisemi kwamba mbio za kasi hazina kazi. Zina kazi kubwa, na mtu anayetaka kushindana hana budi kuzifanya. Lakini hudai malipo ya mapumziko, na yule azifanyaye kila siku huufikia mwisho wa juma akiwa amechoka zaidi na amekwenda masafa machache kuliko mwenzake aliyekuwa akiimba.

Aliyeyathibitisha haya mbele ya ulimwengu alikuwa Arthur Lydiard wa New Zealand, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland, ambaye alijifanya mwenyewe kuwa mahali pa majaribio, wiki hii akikimbia masafa mafupi na wiki nyingine masafa ya kupindukia, mpaka akaridhika kuwa kiasi cha kilometa 160 kwa wiki, kwa mwendo usiovuka uwezo wa pumzi, ndicho kinachompa mtu nguvu pasipo kumvunja. Vijana wa mtaani kwake wakamfuata. Kila Jumapili aliwapeleka katika mzunguko wa vilima wenye kilometa 35 hivi, na hakumsamehe hata Peter Snell, ambaye mbio yake ilikuwa mita 800 tu, mbio isiyofika dakika mbili. Wako waliouona huo kuwa wazimu. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Rome, Snell alitwaa dhahabu ya mita 800, na siku hiyo hiyo Murray Halberg, kijana mwenye mkono wa kushoto uliolemaa kwa ajali ya mchezoni, akatwaa dhahabu ya mita 5,000; kisha Barry Magee akawa wa tatu katika marathoni. Watu watatu, mbio tatu zisizofanana kabisa, na msingi mmoja. Lydiard aliwaongezea kasi baadaye, kwanza vilimani, kisha uwanjani, lakini hapana hata mmoja aliyeruhusiwa kuigusa kasi hiyo kabla ya miezi ya masafa kutimia.

Afande hakupata kulisikia jina la Lydiard mpaka nilipomwambia mimi. Alitikisa kichwa, akasema kwamba mtu huyo lazima alipata kufundisha wengi, maana mtu anayejifundisha peke yake aghalabu huwa na pupa.

Katika yote aliyonifunza, lililonitaka subira kuliko mengine lilikuwa lile la mwezi wa tatu wa mazoezi. Kifua changu kilikuwa kimefunguka. Vilima vidogo vilivyonipasua pumzi hapo mwanzo nilivipanda huku nikisimulia hadithi. Usingizi wangu ulikuwa mzito na moyo wangu ulijaa hamu ya kwenda mbali. Nikamwomba tuongeze masafa maradufu. Akakataa. Nikamwomba tena juma la pili, akakataa tena, bila hasira, akaniambia: “Mwalimu, kifua kimetangulia, miguu bado. Tusimwache mwenzetu nyuma.” Tukaongeza kidogo tu kila wiki, na kila baada ya wiki kadhaa tukapunguza, ili mwili upate kuyamiliki yale uliyoyapata.

Hekima ya kukataa kwake ni hii. Damu na moyo hujirekebisha kwa wiki chache; misuli hufuata; lakini kano zinazoifunga misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, hupata damu kidogo au hujijenga polepole mno, na huhitaji miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kuzoea kupigwa na ardhi maelfu ya mara katika asubuhi moja. Kwa hiyo kipo kipindi cha hatari ambapo mtu hujihisi kuwa shujaa ilhali kisigino chake, goti lake na mfupa wake wa muundi bado ni vya yule mtu wa jana. Wengi niliowaona wakiacha mazoezi hawakuyaacha wiki ya kwanza, wakati wa udhaifu. Waliyaacha katika kipindi hiki, wakati wa nguvu, wakaenda nyumbani wakichechemea na kusema kwamba mbio si riziki yao. Wazee waliojenga nyumba za mawe na chokaa hapa pwani waliinua ukuta kiasi, wakauacha ukauke, ndipo wakarudi kuuinua tena; na kuta zao za Tongoni, kusini ya mji wetu, zimesimama tangu karne nyingi. Siku tuliyokimbia kwa mara ya kwanza mpaka kwenye magofu hayo, kisha tukarudi mjini kwa daladala tukiwa na madafu mikononi, nilikuwa sina maumivu popote.

Mtihani wa pwani, hata hivyo, si umbali bali ni joto. Katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, hewa ya Tanga hujaa unyevu hata jasho likadondoka chini badala ya kukauka mwilini, na kukauka kwake ndiko kunakompoza mtu, si kutoka kwake. Mwili una njia ya kujisaidia: ukizoezwa joto kwa siku 10 hadi 14, huongeza maji ya damu, huanza kutoa jasho mapema, na jasho lenyewe hupungua chumvi. Mgeni atokaye nyanda za juu asijione dhaifu akishindwa hapa kwetu juma la kwanza. Na ajipe muda. Ama kuhusu kunywa, zipo itikadi mbili zilizo mbaya sawasawa, ile ya kale iliyomwona mnywaji kuwa mlegevu, na ile ya siku hizi inayomtaka mtu ajimiminie maji kabla ya kiu na baada ya kiu. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston mwaka 2002 waliwakuta 13 kwa kila 100 wana upungufu wa chumvi katika damu, hasa wale waliokunywa kupita kiasi hata wakaongezeka uzito njiani. Na hali hiyo ikizidi huua. Shemeji yangu, mke wa Afande, hakuwa na habari za Boston, lakini maji aliyotuwekea langoni daima yalikuwa na chumvi kidogo, sukari na ndimu, na alipotupa dafu alituambia tulisindikize na kitu chenye chumvi, kwa kuwa dafu lina potasiamu nyingi na chumvi haba. Tulikunywa kwa kiu, tukaacha kwa kiu.

Niliyapima mafunzo hayo kule Moshi, katika Marathoni ya Kilimanjaro, ambayo imekuwa ikikimbiwa tangu 2003. Njia yake huanza kwa udanganyifu wa wema, ikifuata barabara kuu iliyo karibu kuwa tambarare, na kilometa za kupanda kuelekea Mweka huja baada ya nusu ya safari, wakati ambapo mwili umekwisha kutumia sehemu kubwa ya akiba yake. Na akiba hiyo yaweza kuhesabiwa. Mtu hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilometa. Mwenye kilo 70 basi hutumia karibu kalori 3,000 kuzimaliza kilometa 42, ilhali sukari iliyohifadhiwa katika misuli na ini lake, iitwayo glaikojeni, haimpi zaidi ya kalori 2,000 hivi. Ndiyo maana wengi hupigwa ganzi wakifika kilometa ya 30, miguu ikakataa amri na akili ikajaa giza. Dawa yake ni mbili tu: kuwa na mwili uliozoea kuchoma mafuta, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha kwa masafa mengi, na hili ni tunda la ile miezi ya kuimba, na kuanza kula mapema, kabla ya haja. Nilikula ndizi na kunywa maji ya sukari tangu saa ya kwanza, ilhali sikuwa na njaa hata chembe. Katika kupanda Mweka niliwapita vijana wenye vifua vipana kuliko changu, wakitembea kwa mikono kiunoni, na moyo uliniuma kwa ajili yao, kwa sababu nguvu walikuwa nazo. Hapakuwa na mtu wa kuwazuia asubuhi.

Wanafunzi wangu hunitaka mara kwa mara niwasimulie habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, nami huwasimulia kwa furaha. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico, mahali palipo juu ya bahari kwa mita zipatazo 2,240, alianguka kabla ya kufika nusu ya marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho wao kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda kwa 2:20:26. Na alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kule ili aanze, bali ili amalize. Jambo hili limejaa nchi nzima, na linastahili. Lakini nasikitika kwamba husimuliwa kana kwamba mtu huyu alikuwa mkimbiaji hafifu aliyebebwa na nia peke yake. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Akhwari huyo huyo alikuwa wa tano katika marathoni kwa 2:15:05. Goti lililovimba halikubebwa na nia tu zaidi ya kilometa 20 katika hewa haba ya Mexico. Lilibebwa na mwili ambao ulikuwa umejengwa miaka mingi katika nyanda za Mbulu, na nia ikawa na kitu cha kuamrisha. Twawadhulumu vijana tunapowafunza nusu ya kwanza ya habari hii na kuwaficha ya pili.

Vivyo hivyo kwa Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni na askari kama Afande. Mwaka 1988 alishindwa Boston kwa sekunde moja na Ibrahim Hussein wa Kenya. Akarudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, akawa wa pili tena. Na kati ya hizo, Novemba 1989, alishinda New York kwa 2:08:01, mwendo ambao haujapata kuonekana kabla yake katika njia ile. Afande humtaja kuliko wote, na huwa hataji ushindi wa New York kwanza. Hutaja kurudi kule Boston.

Siku hizi mimi na Afande tumeongeza bahari na baiskeli. Mchezo wa triathloni ulipata umaarufu kwa shindano la Hawaii la mwaka 1978, ambapo watu 15 walianza na 12 wakamaliza safari ya kuogelea kilometa 3.8, kuendesha baiskeli kilometa 180, na kukimbia marathoni kamili, mshindi wao Gordon Haller akitumia karibu saa 12. Na tangu Sydney mwaka 2000 umo katika Olimpiki kwa masafa ya kiutu zaidi, kilometa 1.5 majini, 40 kwa baiskeli, na 10 kwa miguu. Kwa mtu wa umri wangu una rehema kubwa, kwa kuwa moyo hauchagui kiungo kinachoufanyisha kazi: saa ya baiskeli katika barabara ya Pangani, kupita mashamba ya mkonge, huuzoeza pasipo kuipiga mifupa, na kuogelea huzipumzisha kano kabisa. Shida yake iko katika kubadilisha, hasa kushuka baiskelini na kuanza kukimbia, ambapo mapaja huwa mazito kama si yako kwa dakika kumi au zaidi. Na hilo pia huzoeleka kwa kulirudia mara nyingi kwa umbali mdogo.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mchezo huu usiwe wa watoto wa Tanga. Wanayo ghuba tulivu, wanazo baiskeli za kubebea maji na samaki, wanayo barabara. Wasichokuwa nacho wengi wao, na wasichana zaidi, ni mtu wa kuwafundisha kuogelea vizuri, jambo ambalo katika mji wa pwani ni aibu yetu watu wazima. Kwa hiyo tumekubaliana na wazazi wa mtaani kuanza na kundi dogo, wavulana na wasichana, chini ya mwanamke mmoja anayejua maji kuliko sisi. Tutaanza mwezi wa Julai, joto likiwa limepoa. Wiki za mwanzo zitakuwa za kuogelea karibu na ufuko tu, na siku zitachaguliwa kwa kutazama maji, kwa kuwa wakati wa bamvua bahari hupwa mbali sana na mtoto angelazimika kutembea matopeni kabla ya kuogelea. Baiskeli zitakuwa zile zile za nyumbani, baada ya Afande kuzikagua breki. Na katika kukimbia, yeye amekwisha kunitangazia kwamba mtoa nyimbo nitakuwa mimi, naye atakaa nyuma ya kundi, mahali ambapo aweza kumsikia anayenyamaza.